Nusu ya Rimu ya Ndege

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dorotea Gervasi Ntakarutimana
Umri: Miaka 36
Jinsia: Mwanamke
Kabila na dini: Mha, Mkristo
Elimu: Kidato cha nne
Kazi: Mpokeaji na mchambuzi wa vyuma chakavu, karakana ya kusubu ya Mzee Gaudensi, Kibirizi
Makazi: Rusimbi, Kigoma-Ujiji
Yameandikwa: Jumamosi, tarehe 10 Juni 2023, kuanzia saa tatu asubuhi
Mbele ya: Sajenti Castory

Mnamo tarehe 5 Juni 2023, siku ya Jumatatu, asubuhi kulikuwa na baridi kidogo. Upepo wa kusini ulivuma tangu alfajiri, na ng'ambo ya Kongo haikuonekana kwa ukungu wa vumbi. Nakumbuka hivyo kwa sababu huwa naandika shajara kila siku kabla ya kulala, na naanza na hali ya hewa. Tarehe na saa nitakazotaja nimezitoa humo.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Kazi yangu ni kupokea vyuma chakavu vinavyoletwa karakanani, kuvichambua, na kuamua kipi kiingie tanuruni na kipi kisiingie. Tunasubu sufuria, vifuniko, na vifaa vidogo vya mitumbwi.

Siku hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, alifika Nehemia Harerimana, mvuvi wa dagaa, mkazi wa Ujiji. Namfahamu kama mteja. Ulikuwa wakati wa mbalamwezi. Sajenti ameniambia yeye ni mgeni mkoani, kwa hiyo naeleza: mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, na mitumbwi hupandishwa ufukweni. Wavuvi hutumia siku hizo kushona nyavu na kutengeneza vyombo.

Nehemia alikuja na mfuko wa salfeti juu ya baiskeli. Ndani yake kulikuwa na vitu vitatu: nusu ya rimu ndogo ya gurudumu, ya aina ya nusu mbili zinazofungwa pamoja kwa bolti, kipande cha bati chenye safu za ribiti, zile pini za kuunganishia bati, na ubapa wa pangaboi uliokatika katikati. Alitaka tuviyeyushe tumsubie kapi la kuvutia wavu. Mteja kuja na chuma chake mwenyewe ni jambo la kawaida kwetu.

Vitu vyote vilikuwa vinang'aa. Nilimwuliza vimetoka wapi vikiwa hivyo. Alisema vilikuwa darini kwao tangu hajazaliwa, na kwamba mama yake alivisugua kwa mchanga wa ziwani jioni nzima ya Jumapili. Mama yake alimwambia kitu hakitoki nyumbani kwake kikiwa kichafu, hata kama kinakwenda kuyeyushwa. Sikushangaa. Ufukweni kwetu sufuria ya jirani hurudishwa ikiwa imesuguliwa ndani na nje, na ya kwenda kwa fundi husuguliwa vilevile. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo.

Niliinua ile nusu ya rimu nikaona ni nyepesi mno. Alumini ya ukubwa ule ingekuwa nzito zaidi mkononi. Nilichukua ndimu tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya chakula cha mchana, nikaikata, nikakamulia tone juu ya chuma. Mapovu yakatokea papo hapo. Alumini haifanyi hivyo kwa ndimu. Nilijua ni magnesiamu, ile ambayo mwalimu wetu wa kemia aliichoma darasani akatukataza kuutazama mwanga wake. Ikiingia tanuruni inawaka moto mweupe, na ukimwaga maji ndipo unapouchochea.

Nilimwita Mzee Gaudensi, mwenye karakana, nikamwonyesha. Alitazama mapovu, akasema, "Kwa hiyo ndimu ya dagaa wangu imeliwa na rimu." Kisha akamwambia Nehemia kwamba vitu vyake hatutaviyeyusha, ila tutamsubia kapi kwa masalia ya sufuria. Kapi hilo alilichukua Jumanne.

Nehemia alisema kama vile vyuma havitufai, tukae navyo tu. Mimi niliviweka juu ya benchi nje ya mlango, mbali na tanuru. Nilimwambia kwamba kwa jinsi ribiti zilivyopangwa, na kwa namba zilizosubiwa ndani ya rimu, nadhani ni vya ndege ya zamani, pengine ya vita. Alicheka, akasema babu yake hakuwahi kupigana na mtu isipokuwa balozi wa nyumba kumi.

Jumatano, tarehe 7 Juni, kulikuwa shwari, bila upepo. Saa nne asubuhi alifika mwanamume ambaye sikumfahamu, akauliza bei ya sufuria kubwa za harusi. Baadaye nilijua anaitwa Bariki, na kwamba ni mlinzi wa ghala la kampuni moja ya ndege za kukodi. Alipoiona ile rimu juu ya benchi aliacha kuuliza habari za sufuria. Aliishika, akaigeuza, akaniuliza nani ameileta. Nilimjibu ukweli. Aliniambia kwamba katikati ya mwezi Mei rimu mbili za akiba zilipotea ghalani kwenye zamu yake, na tangu siku hiyo anahesabiwa mwizi kazini kwake.

"Dada, sitaki kukuharibia biashara," alisema. "Lakini zile zilikuwa zinang'aa hivi hivi."

Aliondoka bila kununua kitu. Saa sita mchana alikuja Koplo Agnesi na askari wawili, wakachukua vile vyuma kama vielelezo. Saa nane walimkamata Nehemia ufukweni, akiziba nyufa za mtumbwi. Mikono yake ilikuwa na lami, na alipandishwa garini hivyo hivyo bila kunawa.

Gari lilipopita tena karakanani, nilimwambia Koplo Agnesi kwamba vyuma vile ni vya zamani sana, si vya ghalani. Aliniuliza swali moja: "Uzee wake uko wapi?"

Niliviangalia humo garini. Kutu, masizi, rangi ya zamani, vyote vilikuwa vimekwenda na mchanga. Sikuwa na la kuonyesha. Koplo hakunikaripia. Alisema Jumatatu mtuhumiwa atapelekwa mahakamani, na kwamba karakana nayo itatakiwa kueleza kwa nini ilipokea mali hiyo. Mzee Gaudensi alisubiri gari liondoke. Kisha aliniambia niendelee na kazi yangu, mambo ya polisi niwaachie polisi. Nilimwelewa. Tanuru lile linalisha nyumba nne. Usiku huo sikupata usingizi mpaka karibu alfajiri.

Alhamisi, tarehe 8 Juni, upepo ulirudi. Saa kumi jioni nilikwenda kituoni, nikaruhusiwa kuonana na Nehemia kwa dakika chache, askari akiwepo. Sikumkuta akilalamika. Aliniuliza kama kapi linazunguka vizuri, nikamwambia wenzake wamelifunga na linazunguka. Kisha akasema, "Dada Doro, mwezi unaisha."

Nilielewa maana yake. Giza likirudi mitumbwi inashuka majini, na nafasi ya mtu mmoja haiwezi kukaa wazi usiku hata mmoja, kwa sababu wavu unavutwa na watu wote kwa pamoja. Wangechukua mtu mwingine. Na mtu akishakaa mahali pazuri kwenye mtumbwi, hatoki kirahisi. Jina la mwizi nalo halifutiki upesi ufukweni. Nehemia analisha mama yake kwa nafasi hiyo moja.

Ijumaa, tarehe 9 Juni, mbingu ilikuwa safi na baridi ilikuwa kali kuliko siku zote za wiki. Nilimwomba Mzee Gaudensi ruhusa ya nusu siku. Alinitazama, akaniuliza kama naenda hospitali. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi chukua bodaboda, usitembee na jua." Nilifika Ujiji nyumbani kwa Nehemia saa nne na robo.

Mama yake, anayeitwa Inamahoro, alikuwa uani anatwanga muhogo. Nilimwamkia, akaitikia bila kusimamisha mchi. Nilimweleza mimi ni nani. Hapo ndipo aliposimama. Aliniambia anatwanga unga wa chakula cha kumpelekea mwanawe. Halafu akasema, akiitazama mikono yake, "Hii ndiyo imemfunga. Ningeviacha na uchafu wake, asingekamatwa."

Na mimi ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Nilifanya ambalo mgeni wa kike hufanya kwetu akimkuta mama mtu mzima anatwanga: nilichukua mchi nikatwanga mimi, yeye akakaa kuchekecha.

Nilikuwa nimetwanga kwa muda nilipogundua jambo. Kinu hakikutembea. Nyumbani kwetu kinu hutembea. Ukitwanga kwa nguvu kinasogea polepole, mpaka mtu akizuie kwa miguu. Hiki kilikuwa juu ya sakafu ya saruji, ambako kingepaswa kuteleza zaidi, nacho hakikusogea hata kidogo. Nilimwuliza mama kwa nini.

"Kina kikalio," alisema.

"Kikalio gani, mama?"

"Kikalio cha kinu tu, mwanangu. Baba mkwe alikiweka alipokuwa anasakafia ua."

Niliinama. Pembeni ya kinu, chini ya unga mkavu, kulikuwa na ukingo wa chuma cha mviringo uliozama kwenye saruji. Niliomba tukiinue kinu. Mama alikataa. Alisema unga utamwagika, tumalize kwanza. Kwa hiyo tulimaliza kutwanga. Niseme ukweli, sijawahi kutwanga muhogo kwa haraka namna ile, na mama alinionya mara mbili kwamba naurusha.

Tulipokilaza kinu niliona rimu. Ilikuwa nusu, imelala kifudifudi, imeshikwa na saruji kuzunguka pande zote. Matundu ya bolti yalikuwa yamejaa unga uliogandamana. Niliyazibua kwa kijiti. Yalikuwa sita, kama ya ile nusu niliyoishika karakanani. Kwenye ukingo wa ndani, ambako hakuna mchanga uliowahi kufika, kulikuwa na rangi ya kahawia yenye ukijani, imeparara kama gome. Kando ya rimu, kwenye saruji ile ile, kulikuwa na alama ya unyayo wa mtoto mdogo. Mama alisema ni wa Joanitha, dada yake Nehemia, alipokuwa anajifunza kutembea. Joanitha sasa ana watoto wanne.

Nilimwuliza kwa nini hakuwaonyesha polisi walipokuja kupekua nyumba baada ya kumkamata Nehemia.

"Waliuliza vyuma vya ndege," alisema. "Hiki ni cha kinu."

Nilimweleza kwamba hiki na kile cha mwanawe vilikuwa kitu kimoja. Alikaa chini, akapangusa unga kwenye ule ukingo. Kisha akaitikia kwa Kiha, "Ego," yaani ndiyo. " Sasa waite waje kabla sijakirudisha kinu."

Saa tano na dakika tano nilimpigia simu Koplo Agnesi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema tusiguse kitu, na kwamba atakuja na fundi. Saa saba na nusu alifika kwa bajaji akiwa na kielelezo ndani ya mfuko. Alifuatana na Edson, fundi wa ndege aliyehamishiwa Kigoma kutoka Mwanza. Edson alikuwa amebeba rimu nyingine, moja kati ya zile zilizobaki ghalani kwa ile kampuni.

Koplo mwenyewe ndiye aliyepiga magoti akaiweka nusu ya kwanza juu ya ile ya kwenye saruji. Haikukaa. Aliigeuza, haikukaa tena. Mama alishika mdomo. Edson akaomba ruhusa, akaizungusha kidogo tu kushoto, nayo ikashuka ikatulia. Akachukua bolti mfukoni mwake akaipitisha kwenye tundu moja baada ya jingine. Yote sita yalipokea.

"Mapacha hawa," alisema.

Koplo Agnesi aliikagua saruji kuzunguka rimu, akitafuta kama imevunjwa na kuzibwa upya. Haikuwa na ufa. Aliutazama ule unyayo wa mtoto, akaupima kwa kiganja chake, akaandika.

Edson alieleza kwamba rimu za namna hii ziliacha kutengenezwa kabla yeye hajazaliwa, na kwamba rimu za kampuni ni za alumini na za muundo mwingine. Mimi nilisema ndimu inaweza kuonyesha hilo. Mama alileta ndimu. Nilikamulia rimu zote mbili, ya Nehemia ikatoa mapovu na ya kampuni haikutoa. Koplo alitazama, akaniomba kipande cha ndimu, akarudia mwenyewe. Kisha akarudia tena upande wa pili. Edson alisema hiyo njia hakuijua, akaomba kipande naye.

Kuna mambo mawili ambayo nilikosea, na nataka yaandikwe. Nilipomwambia Edson kwamba nadhani ilikuwa ndege ya vita, alicheka kwa adabu. Alisema gurudumu dogo hivi lilibeba ndege ndogo ya watu watatu au wanne, labda daktari, labda barua, si mabomu. Pia nilidhani ubapa wa pangaboi ni wa ndege hiyo hiyo. Yeye, kwa alivyoelezwa vipimo vyake, alisema unaonekana mkubwa mno kwa gurudumu hili, huenda ni wa ndege nyingine kabisa. Ndege zenyewe zilikuwa zipi na zilifikaje Ujiji, hakujua. Mama naye alisema alivikuta vitu hivyo alipoolewa, na mkwewe alivikuta aliponunua nyumba.

Baada ya hapo Edson alikaa akiitazama ile rimu kwa muda. Alituambia kwamba kwenye chuo alichosomea kuna ndege ya zamani ya kufundishia, imesimama kwa gurudumu moja na pipa la mafuta upande wa pili, kwa sababu rimu ya namna hii haikupatikana. Nilimwuliza kama itaruka tena. Alisema hapana, hakuna atakayeidhinisha kuruka na kifaa ambacho historia yake haijulikani. Lakini itasimama sawasawa, na wanafunzi watafungua na kufunga gurudumu la kweli badala ya kulitazama kwenye picha. Hapo hapo aliipiga picha akaituma chuoni. Jibu lilikuja kabla hajamaliza maji aliyopewa. Waliomba nusu zote mbili.

Wote tulimtazama mama, kwa sababu nusu moja ilikuwa kwenye sakafu yake. Alisema, "Ile ya kwanza ilitolewa na Nehemia. Na hii itang'olewa na Nehemia. Mtu mwingine hatagusa ua wangu kwa nyundo."

Koplo Agnesi alifunga daftari lake. Alisema, "Nimekusikia, mama. Ngoja nikamwite fundi wako."

Nehemia alitoka kituoni saa kumi na mbili na robo jioni kwa dhamana yake mwenyewe. Nilikuwepo. Bariki, yule mlinzi, alikuwepo pia langoni. Edson alikuwa amempigia simu. Alimsogelea Nehemia akamwomba radhi mbele yetu. Nehemia alimwambia, "Ulikuwa unatafuta rimu zako. Endelea kuzitafuta. Mimi ningefanya hivyo hivyo." Walipeana mikono. Rimu za Bariki bado hazijapatikana, na ninaomba Jeshi la Polisi lisiache kuzitafuta, kwa kuwa yeye naye ana jina.

Mama Inamahoro alinitaka nikale kwao, nikaenda. Tulikula wali. Mama alisema ugali wa muhogo ulikuwa wa mtu wa mahabusu, na kwake mahabusu hayupo tena. Wenzake Nehemia wa mtumbwi walikuja kumwona tukiwa tunanawa mikono. Mkubwa wao alimwambia kwamba walikuwa wameshaamua kuweka jiwe mahali pake, maana lingefaa kwa uzito na haliombi chai. Nehemia alimwuliza wanashuka lini. Alijibiwa, "Kesho jioni. Uje na koti, usije ukalilia baridi kama mwezi uliopita." Nehemia alitazama chini akijifanya anatafuta kandambili zake. Mama aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko kidogo.

Nilipoaga, Nehemia alikuwa uani na tochi, amechuchumaa, anagonga saruji kwa kidole kutafuta mahali pa kuanzia. Mama alimwambia asubuhi ipo.

Nilifika nyumbani Rusimbi saa tatu kasoro dakika kumi. Niliandika shajara, nikazima taa. Nililala saa tatu na dakika ishirini usiku.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyafanya kwa mikono yangu. Nimeyaandika bila kushurutishwa, na niko tayari kuyarudia mahakamani.

Sahihi: D. G. Ntakarutimana

Maelezo ya mpokeaji: Shahidi ameomba kuandika kwa mkono wake mwenyewe na ameruhusiwa. Nimemsomea, amesahihisha sehemu mbili na kuyakubali. Nusu ya rimu iliyoko kituoni itabaki kama kielelezo hadi taarifa ya fundi iwasilishwe Jumatatu, kisha itarudishwa kwa mwenyewe. Nusu ya pili imeletwa kituoni leo saa nne asubuhi, shahidi akiwa bado anaandika. Imeletwa na Nehemia Harerimana pamoja na mama yake, ikiwa imesuguliwa kwa mchanga.

Sajenti Castory
10 Juni 2023